Juisi ya Mboga na Kidole Changu Gumba

Haya jamani, sogeeni huku! Wa nyuma njooni mbele, wa mbele msinipumulie usoni, na wewe uliyeshika simu iweke mfukoni, maana habari hii ukiisikia nusu utakwenda kuisimulia kombo, halafu mimi ndiye nitakayeitwa mwongo. Mimi si mwongo. Nazidisha kidogo tu, kama mpishi anayemwaga tui mara mbili, lakini samaki chini yumo.

Nataka niwaambie jinsi nilivyokaa wiki nne bila ugali, bila wali, bila muhogo, nikinywa majani asubuhi na jioni kama mbuzi aliyepewa kikombe, na yote hayo kwa ajili ya kidole kimoja. Kidole gumba. Cha mguu wa kulia. Msiangalie miguu yangu sasa hivi, nimevaa viatu makusudi.

Kazi yangu wengi mnaijua, na asiyeijua namwambia: mimi ni mkwezi. Nakwea minazi ya watu, naangua nazi, nashuka. Shule nimekwenda sana, ila kwa sababu ya minazi iliyokuwa uwanjani kwake. Kuna mnazi mmoja kule Msimbati, ukifika juu unaiona Msumbiji yote, na ukivumilia kidogo unaona hata wanachopika. Huo nimeukwea mimi, tena na sigara mdomoni.

Sasa watu wanafikiri mkwezi anakwea kwa mikono. Wapi! Mkwezi anakwea kwa kidole gumba. Kwenye shina la mnazi tunachonga vidato, vijingazi vidogo vya kutilia mguu, na pale kwenye kidato kinachoingia kikang'ata ni kidole gumba. Vile vingine vinne vinasindikiza tu, kama marafiki wa bwana harusi.

Siku hiyo nimekwea mnazi mrefu kuliko mnara wa simu, nimeshuka salama, nimesimama chini, nimefuta jasho, nikapiga hatua moja nikajikwaa kwenye kifuu cha nazi. Kifuu! Juu sikuanguka, chini ndiko nilikoumia. Kidonda chenyewe kidogo, kama punje ya mtama. Nikakicheka. Wiki ya kwanza punje ya mtama, wiki ya pili korosho, wiki ya tatu embe. Na ajabu yake hakiumi. Mke wangu akakitazama, akanitazama, akachukua mkoba wake. Nikajua tunakwenda hospitali.

Daktari tuliyemkuta ni binti wa bara, umri wake kama binti yangu wa pili, mpole lakini hacheki ovyo. Akanitoboa kidole cha mkono, akatia tone la damu kwenye kimashine. Kimashine kikatoa namba. Daktari akakitikisa. Akanitoboa kidole kingine. Namba ikawa ile ile.

"Mzee wangu," akasema, "hii sukari ungefungua duka. Kwa siku unakula nini?"

Nikamwambia ukweli. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha. Saa nne muhogo wa kukaanga. Mchana ugali wa muhogo. Jioni wali.

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati napumzika, nakunywa dafu."

"Madafu mangapi?"

Nikamtazama mke wangu, mke wangu akatazama dari. Nikasema, "Mkwezi hahesabu, mwanangu. Anakunywa mpaka mnazi uone aibu."

Hakucheka. Akanikalisha, akaniambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka mguu unapata baridi. "Nakupa wiki nne. Vidonge utameza, kidonda utakuja kuoshwa, lakini chakula ndiyo kazi yako wewe. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga. Isiposhuka, hicho kidole tutakitoa kabla hakijaondoka na mguu wote."

Nikauliza, "Mkishakitoa, mimi nitakwea na nini?"

Akanijibu, "Ndiyo maana nakupa wiki nne."

Basi akaanza kutaja vya kuacha. Ugali acha. Wali acha. Muhogo acha, viazi acha, mkate acha, chapati, maandazi, vitumbua, soda, dafu. Akaviita vyakula vya wanga. Mimi nilivielewa kwa jina lake lingine: chochote kinachoshibisha. Nikamuuliza nile nini sasa, ukuta? Akasema, "Kunywa juisi ya mboga, mzee. Glasi moja asubuhi, glasi moja jioni, nyumbani mnatengeneza wenyewe, msitie sukari. Na mboga yenyewe kula kwa wingi."

Mke wangu akaitika kwa furaha, "Tumeelewa, daktari."

Jamani, hapo naomba niwaulize. Ninyi mkiulizwa leo nyumbani mboga nini, mnajibuje? Si mnajibu samaki? Si mnajibu dagaa, kuku, pweza? Mboga ni kile kinachosindikiza ugali, basi. Mimi tangu nizaliwe sijasikia mboga ikiwa kitu kingine. Kwa hiyo tulipotoka pale tulikuwa tumeelewa kabisa, mimi na mke wangu, tena kwa pamoja, jambo ambalo kwenye ndoa yetu halitokei kila siku.

Jirani yetu ni mwalimu, mama wa kutoka Mbeya, Mkristo, mtu wa adabu mno, ukimsalimia anaitika mpaka unachoka. Yeye ana blenda. Mke wangu akaenda kuiazima, akaileta nyumbani ameipakata kama mtoto mchanga.

"Leo mboga nini?" nikamuuliza.

"Pweza."

"Basi saga."

Akamchemsha pweza, akamkatakata, akamtia ndani, akamwaga tui juu ili ilainike, akabonyeza. Ile blenda ilinguruma kama jenereta ya mitambo ya gesi ya Madimba. Pweza ana mikono minane, na yote minane ilikuwa inagonga kifuniko itoke. Mke wangu kakandamiza juu kwa mikono miwili, mimi nimeshika waya. Tulipozima, mle ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya matope ya mikokoni. Kizito. Kijiko kilisimama chenyewe.

"Kunywa," akasema.

"Yote?"

"Glasi moja asubuhi, moja jioni. Kidole chako hicho."

Nikanywa. Walahi ilikuwa tamu! Tatizo halikuwa utamu. Tatizo ni kwamba mimi tangu utotoni nimefundishwa kuwa mtu anayekula mboga bila ugali ni mroho. Mama yangu, Mungu amrehemu, ukidokoa kipande cha samaki kabla sinia halijafika unakula kofi la mgongoni mpaka samaki anarudi chunguni. Sasa mimi mzee mzima, mwenye wajukuu, nasimama uani nakunywa mboga tupu kwa glasi! Kila nikimeza nageuka nyuma naangalia kama kofi linakuja.

Na tumbo nalo likawa halielewi. Pweza amefika, limemkaribisha, limemkalisha, halafu likabaki linauliza: mwenzako ugali yuko wapi, mbona umekuja peke yako? Linangoja. Saa nzima linangoja. Ikawa siwezi kukaa. Nakaa kwenye mkeka nasimama, nasimama naona heri nikae. Nikakihamisha kitanda upande wa dirisha, nikakirudisha upande wa mlango, nikakihamisha tena. Nikachimba shimo la taka, nikaliona limekaa vibaya, nikalifukia, nikachimba jingine pale pale.

"Baba, daktari kasema mguu upumzike!" mke wangu anapiga kelele.

"Unapumzika! Natembelea kisigino!"

Tukaenda hivyo siku sita. Juisi ya dagaa. Juisi ya kamba. Juisi ya kuku wa kienyeji, hiyo ilibidi tuchuje kwa sababu ya mifupa. Siku ya saba mwalimu akaja kuchukua blenda yake, ana wageni wa jumuiya ya kanisa, anataka kuwatengenezea juisi ya parachichi na pasheni. Mke wangu kaiosha vizuri, kaipangusa, kampa kwa mikono miwili.

Haikupita hata nusu saa. Nikasikia mlango wa jirani unafunguka, ndara zinakuja mbio. Mwalimu kasimama uani kwetu, kashika ile blenda mbali na mwili wake.

"Shikamoo baba. Samahani. Humu ndani mlisaga nini?"

"Marahaba, Mwalimu. Juisi ya mboga."

"Mboga gani?"

Mke wangu akamjibu bila wasiwasi, "Kwanza pweza, jana dagaa, leo asubuhi samaki changu. Kwani vipi, mwalimu?"

Mwalimu akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye ngazi. Alifunika uso, mabega yakawa yanatikisika, mimi nikadhani analia. "Mchungaji wangu," akasema, "mchungaji wangu amemeza jicho la samaki."

Basi ndiyo akatueleza. Juisi ya mboga ni mboga za majani! Matango, mchicha, spinachi, figili, karoti kidogo. Vinasagwa vibichi.

Mke wangu alikasirika, tena si kwa mwalimu, kwa lugha yenyewe. "Sasa huyo daktari kwa nini hakusema majani? Majani ni majani, mboga ni mboga! Mtu umesoma miaka yote hiyo, neno moja linakushinda?"

"Mama, mchicha si mboga?"

"Mchicha ni mboga ya siku ambayo hakuna mboga!"

Mwalimu akainuka. Akaondoka na blenda yake, na tangu siku ile, nawaambieni ukweli, ile blenda hatujaiona hata dirishani. Aliifungia kabatini kama dhahabu. Kesho yake nilipokwenda kuoshwa kidonda wakanipima, sukari imeshuka kidogo. Pweza hakuwa na kosa. Lakini kidonda kilikuwa vile vile, kinanitazama, na wiki moja imekwenda. Zimebaki tatu.

"Bila blenda tutafanyaje?" nikamuuliza mke wangu njiani.

"Kinu tunacho," akasema.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Alfajiri, kabla jogoo hajaamua, mke wangu yuko uani na mchi. Pu! Pu! Pu! Matango matatu, fungu la mchicha, fungu la spinachi, tangawizi, ndimu. Anatwanga mpaka yanakuwa uji, anayatia kwenye kifumbu, ule mfuko wa ukindu tunaokamulia tui, anakamua kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mafungu mawili ya majani yanatoa glasi moja. Moja! Halafu jioni anaanza upya. Khanga zake zote zikawa na madoa ya kijani. Viganja vikawa vigumu kama vyangu mimi mkwezi. Majirani wa mtaa wa pili wakaja kuuliza shughuli ni lini, maana wanasikia watu wanatwanga kila siku na wao hawajapewa mwaliko.

Na juisi yenyewe, jamani! Mimi nimewahi kumeza nyuki nikiwa juu ya mnazi. Nyuki alikuwa na nafuu. Hii inashuka kooni taratibu, inaangalia kushoto na kulia kama mpangaji anayekagua nyumba, halafu inapanda juu tena kuuliza kodi. Nikishamaliza meno ni ya kijani, nikicheka watoto wanakimbia.

Ile tabu ya kutotulia ikazidi mara kumi. Pweza angalau alikuwa anakaa. Majani hayakai. Nikawa naamka nazunguka nyumba, naizunguka tena kwa upande wa pili ili isipate kizunguzungu. Nikafagia uwanja wetu, nikafagia wa mwalimu, nikafagia njia mpaka kwenye lami. Nikawa nasimama nyuma ya mke wangu anapotwanga, namwelekeza.

"Hapo bado kuna kipande."

"Nimekiona."

"Upande wa kushoto."

"Nimekiona, baba."

"Ungeshika mchi juu kidogo."

Akaacha kutwanga. Akanielekezea mchi njiani. "Nenda ukatembee," akasema.

Nikaenda kutembea. Kwa kisigino, na fimbo, nikichechemea kama kaa. Nilikwenda Shangani, mahali watu wanakopunga upepo jioni, wote wametulia, wamekuja na familia zao, mimi nawapita, nafika mwisho, nageuka, nawapita tena. Mara ya nne mzee mmoja akanisalimia kwa huruma, "Umepoteza nini, ndugu yangu?" Nikamwambia ugali.

Halafu miguu yenyewe, hiyo iliyoambiwa ipumzike, ikanipeleka Chikongola. Kuna mama pale anakaanga mihogo. Inatoka kwenye mafuta inametameta, anaipasua katikati, anapaka pilipili ya ndimu na kachumbari. Nikasimama mbele ya karai lake.

"Nikufungie ya ngapi, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Nanusa tu."

Akanitazama. "Basi nusa upesi, kuna wenye kula nyuma yako."

Nilikuwa namcheka naye ananicheka, lakini nawaambia kitu kimoja ambacho sikizidishi. Siku zile nilikuwa nikitembea naangalia juu. Minazi ya mtu mmoja Shangani, ambayo miaka yote naikwea mimi, ilikuwa imeshakauka nazi, zinaanguka zenyewe, po, po. Kila inapoanguka moja nashtuka kama nimeitwa. Siku moja nikapita nikakuta kijana mwingine yuko juu. Anakwea vizuri. Kidole kinaingia kwenye kidato nilichokichonga mimi, kinang'ata, kinaachia, kinaingia kingine. Nikasimama chini pale mpaka akashuka. Akanipa shikamoo, akanipa dafu. Nikalishika, nikalirudisha. Nikaenda nyumbani bila kupita Chikongola.

Jioni ile mke wangu akinifunga kitambaa akaniuliza, "Kinauma?"

"Hakiumi."

Akakaza fundo. Halafu akasema, "Ndicho kinachonitisha. Daktari kasema kidole kisichouma kinakufa." Akainuka, akaenda kutwanga. Nikamsikia anatwanga kwa nguvu kuliko siku zote, na siku hiyo sikwenda kumwelekeza.

Wiki ya tatu ndiyo ikaja harusi ya mtoto wa dada yangu, Madimba. Na mimi ndiye mjomba! Kwetu sisi watu wa kusini mjomba si mtu wa kupita. Baba wa bibi harusi anaweza akalala usingizi harusi ikaendelea, lakini mjomba akipiga chafya, shughuli inasimama kuangalia amepiga kwa nia gani. Nikaenda na kanzu yangu, fimbo yangu, na chupa ya maji ya plastiki imejaa juisi ya kijani. Nikakalishwa chini ya turubai mahali pa heshima, kwenye mkeka na wazee wa upande wa bwana harusi.

Sinia likaja. Pilau, jamani. Ile ya kuni. Nyama imelala juu yake imenyoosha miguu. Mvuke ukaja moja kwa moja kwangu, ukanikumbatia, ukaniuliza nilikuwa wapi siku zote. Wazee wakanawa. Wakaningoja. Mjomba ndiye wa kuanza.

Mimi nikafungua chupa, nikanywa funda.

Wazee wakatazamana. Mmoja, mkubwa wao, mwenye ndevu za hina, akasema kwa adabu, "Karibu, mjomba."

"Asante, kuleni. Mimi nina changu."

Akageuka akanong'ona na mwenzake. Huyo mwenzake akainuka akaenda kwenye sinia la jirani. Nikaona habari inatembea, turubai zima, kichwa kwa kichwa, kama panya chini ya mkeka: mjomba hali. Mjomba kagoma. Mjomba kaja na dawa yake kwenye chupa. Mahari ilipungua? Kuna mtu alimkosea? Bwana harusi mwenyewe, kijana wa watu, kule alikokaa na koti lake, akaanza kutoka jasho.

Mzee wa ndevu akasogea karibu, akanishika mkono. "Mjomba, kama tumekukosea sema. Binti tumempenda. Usitufanyie hivi mbele za watu."

"Hamjanikosea, mzee mwenzangu. Ni kidole tu."

"Kidole cha nani?"

Nikajaribu kumweleza. Sukari, kidonda, wiki nne. Lakini ngoma imepamba moto, yeye masikio yake mazito, alichosikia ni kidole na sukari, akadhani namdai kitu cha mila ambacho wao hawakukijua. Akawaita wenzake waulizane kama kuna desturi ya kidole na sukari. Hawakuijua. Na dada yangu, mama wa bibi harusi, nikamwona kwa mbali amesimama kashika kichwa. Nikajisemea, tonge moja tu. Tonge moja la amani. Harusi ya watu isiharibike kwa sababu ya kidole. Nikakunja mkono wa kanzu. Nikapeleka mkono kwenye sinia. Wazee wote wakapumua.

Upande wa wanawake, huko kwenye masufuria, pakatoka sauti iliyozima ngoma.

"KIDOLEEE!"

Mke wangu! Kasimama juu ya kigoda, mwiko mkononi. Watu wote turubai zima wakaangalia vidole vyao. Bwana harusi alitoa pete akaitazama. Mimi nikarudisha mkono kama nimeguswa na moto.

Ikabidi sasa nisimame, nipandishe kanzu, niwaonyeshe kitambaa cha mguuni. Nikawaeleza kwa sauti. Wakaelewa, wakasema pole, lakini mzee wa ndevu bado ana kitu moyoni. Anaiangalia ile chupa.

"Kama ni juisi tu," akasema, "basi nami nionje. Nikionja tutakuwa tumekula pamoja."

Neno zuri, la kiungwana. Nikampa chupa. Akapiga bismillahi, akainua, akanywa funda kubwa la mtu asiyetaka kuonekana anaogopa.

Akameza. Akafumba macho. Machozi mawili yakamtoka, yakaingia kwenye hina. Akanirudishia chupa taratibu, akanishika bega.

"Mjomba," akasema, "nimeamini. Huna ugomvi na sisi. Una shida zako mwenyewe."

Wakala pilau, wakala vizuri sana. Mimi nilizunguka turubai lile mpaka nikaijua idadi ya kamba zake.

Zikabaki siku, zikaisha. Asubuhi ya kurudi kwa daktari mke wangu alitwanga kama kawaida, nikanywa kama kawaida. Pale hospitalini tukakaa kwenye benchi. Yaani yeye alikaa. Mimi nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikasoma mabango yote ukutani, na kusoma sijui. Muuguzi akaniambia, "Mzee, kaa, utatumalizia sakafu." Nikakaa. Nikasimama.

Tukaitwa. Daktari akanitoboa kidole, akatia damu kwenye kimashine. Akakiangalia. Safari hii hakukitikisa. Akanipandisha kitandani, akaanza kufungua kitambaa, mzunguko kwa mzunguko, na mimi nawaambia kile kitambaa kilikuwa kirefu kutoka hapa mpaka Lindi. Mke wangu kanishika mkono. Nilikuwa naangalia dari. Daktari akakisogelea kidole. Akakibonyeza.

"Aaah!" nikapiga kelele.

"Kimeuma?"

"Kimeuma!"

Mke wangu akaanza kulia. Daktari naye, yule asiyecheka ovyo, akacheka. Kidonda kimeshuka kutoka embe mpaka korosho, kutoka korosho mpaka punje, kando yake nyama nyekundu changa, kidole chekundu kizima, kimekaa pale kinatutazama kama mtoto aliyeamka usingizini. "Sukari imeshuka vizuri sana, mzee wangu," akasema. "Kidonda kinafunga. Kidole hatukitoi. Kinabaki chako."

Jamani! Niliruka kutoka kitandani, nikakisahau kisigino, nikakizunguka chumba chote. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikaishukuru hata ile mashine. Mke wangu anafuta machozi kwa upindo wa khanga, anacheka, anashukuru, anafuta tena.

"Hongera sana, mama," daktari akamwambia. "Kazi ni yako hii. Hiyo juisi sasa msiache."

Mke wangu akaacha kufuta machozi. "Tusiache mpaka lini?"

"Mama, ugonjwa huu haupoi, tunaukalia chonjo. Ni hivyo hivyo, asubuhi na jioni, maisha yake yote."

Mke wangu akageuza viganja vyake akavitazama. Akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimeanza mzunguko wa tatu wa chumba. Akakitazama kidole.

"Daktari," akasema, "basi kikate tu."